Mikono ya Bi Mwanangu

Jumatatu, 3 Februari

Wamekubali. Makao ya wazee wamekubali kuwachukua vijana wangu wanane. Siku tatu kwa wiki, baada ya vipindi vya asubuhi, mpaka mitihani. Matroni alinipigia mwenyewe. Nilikuwa nafuta ubao, nikajikalia juu ya dawati kama mwanafunzi mtoro.

Mkuu wa shule hakuamini. Tangu anikabidhi hili somo la maandalizi ya kazi amekuwa akilitaja kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa. Darasa lenyewe walimu wenzangu wanaliita la masalia — wale ambao hesabu zimewagomea, ambao hakuna anayewatarajia chuoni. "Hao nao utawafundisha kazi gani?" aliniuliza muhula uliopita. Leo kanipa mkono.

Na kuna zaidi. Watakaofanya vizuri, Matroni atawaajiri baada ya mitihani. Kazi ya kweli, ya mshahara. Niliwaambia darasani. Kicheko, ambaye hucheka hata akifokewa, leo hakucheka. Alijifunika uso kwa sare, akalia.

Matroni tulisoma pamoja. Bwenini yeye alilala kitanda cha juu, mimi cha chini. Miaka yote hiyo sijawahi kumwomba kitu. Hiki ndicho cha kwanza.

Jumatano, 12 Februari

Leo mgonjwa nilikuwa mimi. Tulipanga madawati, tukatandika shuka langu la nyumbani, nikalala chali mbele ya darasa zima bila viatu. Kazi yao: wanigeuze ubavu bila kunivuta, bila kunishika mikono. Mkono mmoja begani, mwingine nyongani. Ngozi ya mzee ni kama karatasi iliyolowa, nikawaambia. Ukiivuta inachubuka. Na asipogeuzwa, akilalia upande mmoja kutwa kucha, nyama inakufa chini yake na kidonda kinafunguka chenyewe.

Wa kwanza nusura anidondoshe. Kicheko akaniinamia, akauliza kwa sauti nyororo, "Bibi, unaumwa wapi?" Nikasema mgongo — na hapo sikuwa naigiza. Darasa likavunjika mbavu.

Aliyepatia ni Twiga. Wanamwita hivyo kwa urefu wake. Akikaa nyuma ya darasa utadhani kasimama. Ni binti asiye msemaji. Anaishi kwa mjomba wake, na mjomba ameshatamka kwamba shule ikiisha ajitafutie pa kuweka mbavu. Alikunja magoti, akaniambia kwanza anachotaka kufanya, kisha akanigeuza. Sikuhisi kitu. Nilibaki nautazama ukuta, nikawaza: huyu riziki yake nimeiona.

Kipindi cha pili — namna ya kuongea na bosi. Ukikosolewa usibishe papo hapo. Mtazame usoni. Omba radhi kwanza, maelezo baadaye. Wakaandika wote, vichwa chini.

Jumatano, 19 Februari

Nimewafuata kuwaona kazini. Jengo refu la ghorofa moja, kuta zimepakwa rangi ya kijani hadi begani, juu yake nyeupe iliyochoka. Harufu ya dawa ya sakafu, na chini ya harufu hiyo, mkojo. Madirisha makubwa hayana kitu, jua linaingia moja kwa moja mpaka vitandani. Wodi ya wanawake imejaa. Wahudumu niliwaona wawili tu, wanakimbia kama watu waliosahau jiko linawaka.

Lakini vijana wangu! Sare nyeupe, kucha fupi, nywele zimefungwa. Kicheko anamlisha uji mzee mmoja aliyekwisha kumposa mara mbili tangu Jumatatu. Amemwambia atafikiria, ila kwanza amalize bakuli.

Twiga nilimkuta kwa bibi mmoja mdogo, mfupa na ngozi. Bibi huyu kila mtu kwake ni "mwanangu" — Matroni mwanangu, mfagiaji mwanangu, hata mto wake niliusikia unaitwa hivyo. Kwa hiyo wamempa jina, Bi Mwanangu. Akili yake inakuja na kwenda. Mikono yake lakini haitulii hata kidogo. Inakunja shuka, inakunjua, inatafuta kitu hewani. Twiga kampa kitambaa cha kukunja na bibi katulia.

Matroni alinizungusha kote, amenishika kiwiko kama zamani. Uani, kwenye kamba, kati ya mashuka, niliona vipande virefu vya nguo, vimepindwa vizuri kingoni, vingi. Nikauliza vya nini. "Vya kufungia mapazia," akasema, akaanza kunisimulia habari za mwanawe.

Tulikunywa chai. Tulicheka sana. Nimerudi nyumbani mwepesi.

Jumatatu, 3 Machi

Twiga alinisubiri mlangoni baada ya kipindi. Akasimama tu, mpaka nikamwuliza.

Bi Mwanangu ana kidonda. Nyongani, upande wa kulia. Amekiona akimwogesha. Kina ukubwa wa kifuniko cha chupa na katikati ni cheusi. Alimwambia mhudumu, mhudumu akasema wazee ndivyo walivyo.

"Mwalimu, ulisema wageuzwe."

"Nilisema."

"Hawageuzwi. Sisi tusipokuwepo hawageuzwi kabisa. Nikiondoka Ijumaa analalia upande wa kulia, nikirudi Jumatatu yuko upande huohuo. Hata mkunjo wa shuka ni uleule."

Nilimpigia Matroni jioni. Sikujua nianzie wapi, nikazunguka mbuyu, mwishowe nikasema. Akasema kwa uchovu, si kwa hasira: "Una wazee wangapi kwako? Mmoja. Mama yako. Mimi nina wodi nzima na watu wawili, mmoja ana ujauzito. Niambie wewe nimgeuze nani, nimwache nani."

Tukapatana: vijana wangu watawageuza wote siku zao, na wikendi yeye mwenyewe atapita. Aliahidi.

Nimemwambia Twiga. Akasema sawa. Lakini alinitazama kwa namna — kama mtu anayesubiri sehemu ya pili ya sentensi.

Jumapili, 9 Machi

Mama leo katoka tena. Nimemkuta barabarani na gauni la kulalia, anatafuta nyumba waliyohama mimi sijazaliwa. Jirani alikuwa amemshika bega, wanasubiri mimi nitokee.

Kesho nitafunga mlango kwa nje nikienda kazini. Nimeshafanya hivyo mara kadhaa na leo naliandika ili nilione. Namwachia maji, chakula, redio. Nikirudi huwa amesimama palepale nyuma ya mlango. Haulizi. Ananisalimu kama mgeni.

Basi na mimi namwelewa Matroni. Namwelewa kupita ninavyopenda.

Ijumaa, 14 Machi

Siku nzuri, niiandike. Matroni amepita shuleni na kumwambia Mkuu kwamba vijana wetu ni hazina. Atachukua sita, huenda wote. Mkuu kaitisha kikao cha walimu ili kulisema hilo, utadhani wazo lilikuwa lake. Somo litaongezewa vipindi. Mwalimu wa hesabu, aliyebuni lile jina la masalia, aliniuliza kama kuna nafasi ya mpwa wake.

Kidonda cha Bi Mwanangu kimesinyaa kidogo, anasema Twiga. Anakiosha mwenyewe. Leo bibi alimpapasa uso mzima kwa vidole, paji mpaka kidevu, akamwambia, "Mwanangu, umekua." Twiga alinisimulia hayo huku anatazama pembeni. Ndiyo mara ya kwanza namsikia akisema maneno mengi hivyo bila kuulizwa.

Jumatatu, 17 Machi

Nijaribu kuandika kwa utaratibu.

Walifika wodini mchana, Twiga na Kicheko pamoja. Kiambaza cha mbao kilikuwa kimewekwa kuzunguka kitanda cha Bi Mwanangu. Wakakisogeza. Bibi amelala upande wa kulia, macho wazi, homa inachoma. Vifundo vya mikono vimefungwa kwenye vyuma vya kitanda, kimoja huku, kimoja kule. Vimefungwa kwa vitambaa virefu vilivyopindwa kingoni.

Vitambaa vilikuwa vimezama ndani ya ngozi. Kicheko alikwenda kuita mtu, akapiga kelele ukumbini, hakuna aliyekuja. Twiga akafungua. Fundo lilikuwa limekaza kwa unyevu, alitumia meno. Chini ya nyonga, godoro limelowa. Kidonda sasa kinaingia vidole. Twiga aliniambia hilo akinionyesha vidole vyake vitatu, akavirudisha haraka mfukoni.

Mhudumu alipokuja alisema bibi anachokoa kidonda usiku, ndiyo maana anafungwa. Kila wikendi hufungwa. Si yeye peke yake. Akawaambia waviweke vitambaa kwenye ndoo ya kufulia.

Kicheko alikuwa ameegemea ukuta wa darasa muda wote Twiga akisimulia. Alikuwa anatikisa kichwa tu, ndiyo, ndiyo.

Vya kufungia mapazia. Na mimi nilipita chini ya madirisha yale yote yasiyo na pazia hata moja, nikaenda kunywa chai.

Jumanne, 18 Machi

Nimekwenda. Matroni hakukana. Alifunga mlango wa ofisi, akakaa, akavua viatu. Miguu imevimba.

Nikasema ampeleke bibi hospitali leo hii. Akasema ameomba gari tangu asubuhi. Nikasema vile vitambaa nivione vinachomwa moto. Akasema, "Na usiku atakapojichokoa, utakuja wewe kumshika mikono?" Akaongeza polepole kwamba nikilipeleka jambo hili nje, makao yatafungwa, na wazee watarudishwa kwa watoto ambao waliwaleta kwa sababu hawawezi. "Na wako wanane watarudi darasani kukusikiliza. Maana kazi haitakuwepo."

Alilisema bila ubaya. Hilo ndilo linalonisumbua. Alikuwa anahesabu tu, kama mimi ninavyohesabu.

Bibi amelazwa hospitali jioni hii. Twiga alitaka kumsindikiza, wakamkatalia. Si ndugu.

Alhamisi, 20 Machi

Bi Mwanangu amefariki alfajiri. Sumu ya kidonda iliingia kwenye damu.

Twiga aliambiwa na mfagiaji. Alifika kipindi cha kwanza, akakaa mahali pake, akafungua daftari. Nilipomwuliza kama anataka kwenda nyumbani alisema hapana, huko kuna mjomba.

Ijumaa, 21 Machi

Sikujua kwamba Bi Mwanangu alikuwa na mtoto wa kiume. Amekuja leo. Mwanamume mzima, mpole, suruali ina vumbi la safari. Anafanya kazi mbali, kwenye machimbo, na hakuwa amemwona mama yake tangu mwaka juzi. Alipouona mwili, aliona vifundo vya mikono. Alama nyekundu, zimezunguka. Akauliza.

Na Matroni akamjibu kwamba ni mwanafunzi. Kwamba mwanafunzi wa mazoezi alimvuta bibi kwa mikono, kinyume na maagizo, akamburuta juu ya shuka, na ngozi ya mzee haihimili. Kidonda kilianzia hapo. Alilitaja jina la Twiga.

Nilikuwa nimesimama katika ofisi ya Mkuu wakati Mkuu ananirudia hayo. Nikamwambia si kweli, nikamweleza yote, vitambaa, vyuma, wikendi, yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunga dirisha.

"Nakuamini," akasema. "Sasa nisikilize na mimi."

Mwana wa bibi anataka kumsikia huyo mwanafunzi kwa mdomo wake. Akiombwa radhi ana kwa ana, atamzika mama yake na kurudi kazini. Asipoombwa, anakwenda polisi. Twiga ni mtoto, hatashtakiwa. Ataondolewa kwenye mazoezi, basi. Wale saba watabaki, na nafasi zao za kazi ziko palepale. Matroni kamhakikishia.

"Mmoja kwa saba, Mwalimu. Na huyo mmoja hapotezi kitu, anapoteza nafasi tu."

Nafasi tu. Nilitoka bila kuaga.

Jumapili, 23 Machi

Mama yake Kicheko amekuja nyumbani. Ni mwanamke mnene, anatembea kwa shida, amepanda ngazi zote hizi. Hakukaa mpaka nilipomwomba mara ya tatu. Mama yangu akamsalimu kama dada yake, na yeye akaitikia vilevile, bila kushtuka, akamshika mkono wakati wote wa mazungumzo. Nilimpenda kwa hilo, na ndiyo maana yaliyofuata yaliniuma.

Alijua nilikuwa namtafuta binti yake. Tangu Ijumaa nimempigia, nimeagiza watu, hajatokea. Maana walioona ni wawili tu, Twiga na yeye. Mimi niliona vitambaa kwenye kamba. Vitambaa si ushahidi.

"Mwanangu hakuona kitu," akasema.

"Mama, aliniambia—"

"Alikwambia kwa kutikisa kichwa. Mimi namwuliza, anasema hakuona kitu." Akavuta pumzi. "Nina watoto watano nyuma yake. Baba yao unajua alivyo. Hii ndiyo kazi ya kwanza kuingia nyumbani kwetu tangu kiwanda kifungwe. Wewe ndiye uliyeileta, Mungu akubariki. Usije ukaichukua."

Nikamwuliza kuhusu Twiga. Akainama. Akasema anamwombea. Alipoondoka, Mama alitaka kujua mbona dada kaondoka bila kula.

Jumatatu, 24 Machi

Nimekaa na Twiga kwenye stoo ya vitabu, mahali pekee penye mlango unaofunga. Nikamwambia kesho asiombe radhi kwa kitu asichofanya. Nitaongea mimi. Nitasema nilichoona na alichoniambia. Liwalo na liwe.

Alikuwa amekaa juu ya boksi, magoti yanamfika kidevuni.

"Nikisema wamemfunga, Kicheko atasema hakuona."

"Labda."

"Atasema hakuona, Mwalimu. Nimeshaongea naye." Hakuwa na chuki. "Halafu makao yatafungwa au hayatafungwa. Yakifungwa, wenzangu wananichukia. Yasipofungwa, nitaitwa mwongo na bado nimemuua."

"Hukumuua mtu."

"Najua." Akanyoosha miguu. "Wewe ndiye uliyetufundisha. Omba radhi kwanza, maelezo baadaye."

"Sikumaanisha hivi."

"Ulimaanisha vipi?"

Nilikuwa nimemaanisha mtu akichelewa. Mtu akimwaga uji. Nilikuwa nimewaandaa kwa kazi ambayo bosi ana makosa madogo na wao wana makosa madogo na kila kitu kinakwisha kwa adabu. Sikuwa na somo la mambo kama haya. Sidhani limo kwenye mtaala wowote.

Nikamwuliza anaogopa nini zaidi. Nilidhani atasema mjomba. Akasema anaogopa kwamba huyo mwana wa bibi atamsamehe.

Jumanne, 25 Machi

Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya Mkuu. Wamenitoa. Naandika kwa sababu mikono haitulii.

Tulikuwa watano mle ndani. Mkuu mezani kwake. Matroni pembeni, sare imepigwa pasi mpaka inakata, hakunitazama. Mwana wa bibi, kofia magotini. Twiga amesimama. Mjomba wake hakuja. Ametuma ujumbe kwamba uamuzi wowote yeye anakubali.

Mkuu akatoa pole ndefu. Kisha akamwambia Twiga aseme.

Akasema. Alimtazama yule mwanamume usoni, akasema, "Nilimshika mama yako mikono nilipokuwa namgeuza. Nilimshika kwa nguvu. Naomba unisamehe."

Yule bwana akafumba macho.

Mimi nikasema si kweli. Nilisema nikiwa nimekaa, sikukumbuka hata kusimama. Nikasema mama yako alifungwa kitandani. Kila wikendi. Alifungwa kwa vitambaa, nimeviona vinaanikwa, na mtoto huyu ndiye aliyevifungua kwa meno. Kidonda kilikuwepo kabla, yeye ndiye aliyekuwa anakiosha. Nikayasema yote.

Matroni akauliza, kwa upole ule wa kwetu wa zamani, "Uliwahi kumwona mzee yeyote amefungwa? Kwa macho yako?"

"Hapana."

"Asante."

Basi yule bwana akamgeukia Twiga. Akamwuliza taratibu, kama anaongea na binti yake: "Mwalimu wako anasema kweli?"

Nilimtazama. Nilimwomba kwa macho. Namjua mtoto huyu — nilidhani namjua. Aliniangalia mimi kwanza, na uso wake ulikuwa na huruma, kama anamwangalia mgonjwa asiyejua ugonjwa wake.

"Mwalimu ananionea huruma tu," akasema. "Ni mimi."

Ndipo Mkuu akaniambia nisubiri nje.

Mlango umefungwa. Nasikia sauti ya Mkuu, ndefu, haina maneno. Sasa mlango unafunguliwa.

Ni mwana wa bibi. Amefunga mlango nyuma yake, ameomba apate hewa kidogo. Amekaa kwenye benchi hilihili, upande wa pili, nafasi ya mtu mmoja kati yetu. Sikuacha kuandika, sijui kwa nini. Yeye hajali. Anakunja kofia, anakunjua.

Anasema, bila kunitazama, kwamba nyumbani kwao mama yake alikuwa hawezi kukaa bure. Hata kanisani alikuwa anakunja pindo la gauni. Walikuwa wakimcheka. Anasema, "Huyu binti ana vidole virefu. Akimshika mtu, alama zingekuwa za vidole. Hizi zimezunguka kama bangili."

Nimemwambia ndiyo.

"Kwa nini anasema ni yeye?"

Nimemwambia wako wenzake saba. Hajaelewa, au ameelewa. Anatazama sakafu. Anasema polisi wakimwuliza na akajibu hivihivi, wao watamchukua yeye. Nimemwambia ndiyo. Anasema hataki hilo. Anasema anataka mtu mmoja tu, mmoja, aliyeona.

Mle ndani Matroni anaongea. Sauti ya Twiga haisikiki.

Kuna watu wanapanda ngazi. Wanapanda polepole, mmoja anapumua kwa shida, anasimama kila baada ya hatua chache. Nimenyanyua kichwa.

Ni Kicheko, na sare yake nyeupe ya kazini. Mama yake amemshika mkono. Wamesimama mwisho wa ukumbi, pale ngazi zinapoishia. Kicheko anauangalia mlango wa ofisi. Mama naye anamwangalia binti. Sijui anamleta au amemfuata kumzuia. Mkono umeshikwa tu, hauvutwi mbele wala nyuma.

Yule bwana naye amewaona. Ameacha kukunja kofia.

"Yule ni nani?" ananiuliza.